Kabla hujauza kasiki la bibi, ligeuze kwanza

Leo tuache siasa kidogo, tuingie jikoni. Siyo kwa habari ya kupika, maana hapo sina la kumfundisha mtu, bali kwa habari ya vyombo. Nazungumzia yale makasiki na mitungi mizito, ya kahawia au ya kijani iliyofifia, ambayo kwenye nyumba za zamani za pwani yetu yalikaa jikoni au uani yakiwa na maji, samli, mafuta au achari. Siku hizi baadhi yamegeuzwa vyungu vya maua. Mengine yamepasuka na kuishia jalalani. Na yale mazima yanatafutwa na madalali wanaopita nyumba kwa nyumba, wakiuliza kwa upole kabisa, "Mama, huna vyombo vya kizamani humu ndani?"

Hoja yangu ni moja, na naisema mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Sehemu kubwa ya thamani ya chombo cha namna hii iko kwenye habari zake, na habari hizo ndizo kitu cha kwanza kupotea pale kinapouzwa. Mnunuzi anajua kukisoma chombo. Muuzaji mara nyingi hajui. Biashara ya namna hiyo haina usawa hata kama bei imekubaliwa kwa tabasamu na kupeana mikono.

Sasa tujifunze kusoma, maana hili si jambo la wataalamu peke yao.

Vyombo vya udongo tunaweza kuvigawa katika familia tatu. Ya kwanza ni udongo wa kawaida, unaochomwa kwa moto wa kuni, joto likiwa kati ya nyuzi 600 na 900 hivi za Selsiasi. Huko ndiko viliko vyungu vyetu, mitungi, magudulia na vyetezo. Udongo huu una vitundu vidogo sana na unanyonya maji. Ndiyo siri ya maji ya mtungini kuwa ya baridi: yanapenya nje kidogo kidogo, yanakauka kwa upepo, na kule kukauka kunapoza yaliyobaki ndani. Bibi zetu hawakuhitaji umeme kwa hilo.

Familia ya pili ndiyo ninayoizungumzia leo. Ni udongo maalumu unaochomwa ndani ya tanuri kwa joto la nyuzi 1200 hadi 1300. Kwenye joto hilo chembe zake zinaanza kuyeyuka na kushikana, na chombo kikipoa kinakuwa kama jiwe. Hakinyonyi maji hata pale ambapo hakikupakwa kitu. Nje mara nyingi hupakwa mchanganyiko wa maji, majivu na udongo laini, ambao ndani ya tanuri unageuka kuwa ngozi nyembamba ya kioo. Hapa nitaviita vyombo vya udongo mgumu.

Ya tatu ni kauri yenyewe, nyeupe na nyembamba. Ukiinua kipande chake mbele ya taa, mara nyingi unaona mwanga unapenya.

Kwa nini udongo mgumu ulifika kwetu? Kwa sababu ulikuwa hauvuji. Ukiweka mafuta kwenye mtungi wa udongo wa kawaida, mtungi unayanywa. Ukiyaweka kwenye udongo mgumu, yanavuka bahari na kufika yalivyo. Kwa lugha ya leo, kasiki lilikuwa dumu na kontena kwa pamoja. Mwaka 1998 wapiga mbizi waliokuwa wakitafuta majongoo wa baharini karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, waliangukia mabaki ya jahazi la karne ya 9 lililokuwa limebeba vyombo vya Kichina vipatavyo 60,000. Sehemu kubwa ya shehena hiyo ilikuwa bakuli, na bakuli nyingi zilikuwa zimepangwa ndani ya makasiki makubwa ya udongo mgumu, nyingine zaidi ya mia ndani ya kasiki moja. Bakuli ndizo zilizokuwa bidhaa. Kasiki lilikuwa kifungashio.

Vifungashio hivyo vilifika hadi huku. Vigae vya makasiki ya karne hiyo hiyo vimechimbuliwa Manda na Shanga, kwenye visiwa vya Lamu. Baadaye yakaja yale yanayoitwa ya Martaban, kwa jina la bandari ya Burma ambako yalikuwa yakipakiwa, ingawa mengi yake yalifinyangwa China ya kusini, Vietnam au Thailand. Jina lilishika kiasi kwamba Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anataja mitungi ya Martaban katika habari za safari zake za Asia.

Basi una kasiki mbele yako. Ufanye nini?

Kwanza ligonge kidogo kwa kucha. Udongo wa kawaida unatoa sauti iliyokufa. Udongo mgumu ulio mzima unalia kama kengele. Ukilia kwa kukwaruza, tafuta ufa, upo mahali.

Pili, ligeuze. Watu wengi wanatazama tumbo la chombo kwa sababu ndiko kwenye mapambo, lakini ukweli mwingi uko chini. Ngozi ya kioo kwa kawaida inaishia juu kidogo ya kitako, kwa sababu ingefika chini chombo kingegandana na sakafu ya tanuri. Hapo utauona udongo wenyewe ukiwa mtupu: wa kijivu, wa rangi ya mchanga au mwekundu wa kuungua. Dondosha tone la maji. Likinywewa haraka, huo ni udongo wa kawaida. Likikaa pale pale, ni udongo mgumu.

Tatu, ingiza mkono ndani. Kasiki kubwa lilijengwa kwa vipande au kwa mikunjo ya udongo iliyopandishwa moja juu ya nyingine, kisha likasawazishwa. Ukipapasa taratibu mara nyingi utakuta mshono, na utakuta mistari ya vidole vya mfinyanzi. Chombo kilichomiminwa kwenye kalibu ya kiwandani ni laini ndani, na mshono wake unapanda wima.

Nne, tazama masikio, yale matundu mabegani. Hayakuwekwa kwa urembo. Kamba ilipita hapo kufunga kifuniko ili mzigo usimwagike baharini. Kwenye chombo kilichotumika kweli, ukingo wa tundu umelainika kwa msuguano wa kamba.

Tano, tafuta uchakavu, halafu ujiulize kama uko mahali pake. Chombo kilichoburutwa kwenye sakafu ya chokaa kwa miaka mingi kimelika kitakoni. Kilichochotewa kwa kata kimelika ndani ya mdomo. Mtu anayezeesha chombo kipya kwa tindikali, chai au matope anachafua kila mahali sawasawa, hata pale ambapo hakuna mkono wala kamba iliyowahi kugusa. Uzee wa kweli hauna usawa huo.

Sita, soma maandishi, lakini usiyaamini upesi. Wafinyanzi wa Kichina walikuwa na desturi ya kuandika chini ya chombo jina la enzi ya mfalme aliyekwisha kufa zamani, wakati mwingine kwa heshima tu, kwa hiyo jina la mfalme si cheti cha kuzaliwa. Alama za viwanda vya Ulaya zinasaidia zaidi. Kwa mfano, bakuli na sahani nyingi za zamani za pwani, zile za maua yaliyopigwa kwa sifongo, zilitoka Maastricht, Uholanzi. Petrus Regout alianza kutengeneza vyombo huko mwaka 1836. Jirani na mshindani wake, Société Céramique, alichukua jina hilo mwaka 1863, na viwanda hivyo viwili vikaungana mwaka 1958. Ukiona neno Société Céramique, tayari umelifungia bakuli lako kati ya 1863 na 1958. (Bakuli hizo si za udongo mgumu. Ni udongo laini uliovikwa ngozi ya kioo.) Na ukiona jina la nchi kwa Kiingereza, mfano England au Holland, kwa kawaida chombo ni cha kuanzia 1891 hivi, mwaka ambao Marekani ilianza kudai bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka.

Hayo ndiyo ya kutambua. Je, ya kuthamini?

Najua kuna anayesubiri nitaje bei. Sitaji, kwa sababu chombo kimoja kinaweza kuwa na bei tatu kwa siku moja: ya uani kwa bibi, ya dukani Mji Mkongwe, na ya mnada wa London. Ninachoweza kusema ni mambo yanayoipandisha au kuishusha. Umri unapandisha, lakini siyo peke yake. Uzima unapandisha sana: ufa mmoja, sikio lililovunjika au mdomo uliosagwa ili kuficha pengo vinashusha. Kifuniko chake cha asili kinapandisha, maana vifuniko vingi vimepotea. Mapambo yaliyochongwa au kubandikwa, kama joka, yanapandisha. Ukubwa unapandisha mpaka pale ambapo gharama ya usafiri inaanza kuushinda.

Halafu kuna jambo ambalo dalali halitaji kabisa: asili inayothibitika. Kilikuwa nyumba gani, mji gani, kilifika lini, kilihifadhi nini? Wanunuzi wakubwa na majumba ya makumbusho wanaliuliza swali hilo kabla ya yote, na jibu zuri linapandisha thamani. Sasa angalieni maajabu. Mtu pekee mwenye jibu ni bibi anayeuza. Hakuna aliyemwambia kwamba jibu hilo nalo ni mali, na hakuna anayemwandika.

Niliwahi kuingia kwenye duka moja la vitu vya kale Unguja, kulikuwa na kasiki zuri la kahawia lenye masikio manne. Nikamuuliza mzee mwenye duka limetoka wapi.

"Mwanangu, mimi nimeletewa," akasema.

"Umeletewa kutoka wapi, mzee wangu?"

"Pemba. Au Tumbatu. Aliyeleta naye kaletewa."

Yule mzee hakuwa mwongo. Alikuwa ananieleza biashara inavyokwenda. Kuna mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mkono unafuta kidogo, mpaka linapofika dukani kasiki limekuwa "la kale" basi. Kale gani, ya nani? Hakuna ajuaye tena, na hakuna kipimo cha maabara kitakachorudisha jina la nyumba.

Hasara hiyo ni ya fedha kwa familia, lakini ni ya historia kwa sisi sote. Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia wa Kiingereza aliyetembelea Tanganyika mwaka 1955, alisema kwa maneno yake kwamba historia yetu iliyofukiwa tangu karne ya 10 imeandikwa kwa vigae vya Kichina. Alitia chumvi, maana kwenye miji iliyochimbwa vigae vya nje huwa ni sehemu ndogo tu, vingi ni vya wafinyanzi wetu wenyewe. Lakini hapo hapo kuna ukweli: vigae vya nje ndivyo vilivyowasaidia akina James Kirkman kule Gedi na Neville Chittick kule Kilwa kukadiria umri wa kuta na misikiti. Kigae kilisema kitu kwa sababu kilikutwa mahali pake, pamoja na jirani zake. Kikihamishwa kimya kimya kinakuwa pambo. Nenda Kunduchi au Kaole ukatazame nguzo za makaburi. Utaona mashimo ya duara ambamo zilipachikwa bakuli, na bakuli zenyewe nyingi hazipo tena.

Hata wakubwa wamegombana juu ya hili. Shehena ya Belitung ilitolewa baharini na kampuni ya kibiashara, na mwaka 2005 Singapore ikainunua kwa dola za Marekani zipatazo milioni 32. Taasisi ya Smithsonian ya Washington ilipanga kuionyesha mwaka 2012. Wanaakiolojia wakalalamika kwamba uchimbaji ulifanywa kwa haraka ya faida na kumbukumbu nyingi zikapotea. Mwaka 2011 maonyesho yakawekwa kando. Jambo la kujifunza: vyombo vilikuwepo, vizima, vizuri ajabu, na bado watu makini walisema habari zilizopotea zinatosha kuwa sababu ya kukataa.

Sasa nijibu hoja mbili ninazozisikia kila mara.

Ya kwanza: "Hivyo ni vitu vya Wachina, sisi vinatuhusu nini?" Chombo kilichokaa na samli ya ukoo kwa vizazi vitano kimekuwa cha ukoo. Sheria zenyewe zinaelekea huko. Kenya, kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa nchini au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Neno "kuingizwa" halikuwekwa kwa bahati mbaya. Tanzania, kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, mpaka wake ni mwaka 1863, na kukitoa kitu cha namna hiyo nje ya nchi kunahitaji kibali. Na Wachina wenyewe hawavidharau. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Peking walianza kuchimba kule Mambrui, kaskazini ya Malindi, wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: "Bibi ana shida. Ada ya mjukuu inadaiwa, dawa zinatakiwa, wewe mwandishi umeshiba unamwambia akae na kasiki?" Hapa sina kejeli. Mtu mwenye njaa hali historia. Simlaumu hata kidogo mama anayeuza kasiki ili mtoto asome. Ninaowalaumu ni sisi tuliosoma, tuliokulia kwenye nyumba hizo, tunaorudi sikukuu na simu zenye kamera nzuri tukapiga picha za biriani na kulipita kasiki mlangoni. Nailaumu pia serikali inayomfikia bibi kwa kitisho cha sheria peke yake. Mtu akijua kwamba kuonyesha chombo chake kunaweza kuleta afisa wa kukichukua, atakiuza usiku. Kwa hiyo sheria ya kulinda inaishia kumlinda dalali.

Iko njia nyingine, na imekwisha kujaribiwa. Uingereza na Wales, tangu 1997, zina mpango ambao mwananchi aliyeokota au kuchimbua kitu cha kale anakipeleka kwa afisa wa eneo lake. Kinapigwa picha, kinapimwa, kinaandikwa kimetoka wapi, halafu katika hali nyingi anarudishiwa aende nacho nyumbani. Kumbukumbu zilizokusanywa zimepita milioni moja. Ugumu wa kufanya hivyo Tanga, Bagamoyo, Chake Chake au Lamu uko wapi? Siku moja kwa mwaka, makumbusho na chuo kikuu waweke meza kwenye uwanja wa shule, watu walete vyombo vyao, waandikiwe, waelezwe walicho nacho, warudi navyo. Bila kutishwa, bila kunyang'anywa. Atakayelazimika kuuza baadaye, auze akijua anauza nini, kwa anayeruhusiwa kununua, na habari za chombo zibaki nchini hata kama chombo kimehama nyumba.

Wakati tunasubiri meza hiyo, tufanye ya kwetu. Ukienda nyumbani safari hii, piga picha kasiki kwa nje, kitako, ndani ya mdomo na masikio. Pima urefu na upana wa mdomo. Halafu kaa na bibi, au babu, au shangazi, umuulize: lilikuja lini, lililetwa na nani, liliwekwa nini ndani, lilikaa sehemu gani ya nyumba, na lina jina? Maana kuna vyombo vilipewa majina. Andika tarehe na jina la aliyekusimulia. Kazi yote ni nusu saa. Na tafadhali usilisugue kwa sabuni ya unga na steelwool ili lipendeze kwenye picha. Huo weusi unaouona ni sehemu ya ushahidi.

Fanya hivyo hivyo kwa chungu cha kienyeji kilicho pembeni yake, kilichofinyangwa na mwanamke wa kijiji cha jirani. Dalali atakipita bila kukitazama. Mwanaakiolojia angeanza nacho.

Mwenye mawazo tofauti namkaribisha, hasa kama anaifanya biashara hii. Nawasilisha.